Povu na Chembe za Nano katika Kuondoa Vitu vya Mionzi Majini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawalenga walimu wa sayansi, wanafunzi wa kemia, watumishi wa idara za maji na yeyote aliyesikia habari za maji ya Fukushima, kituo cha nyuklia cha Japani kilichopata ajali mwaka 2011, akabaki na maswali. Yamepangwa ili yasomeke kwa mfululizo, ingawa mwenye haraka anaweza kuruka hadi swali linalomhusu.

Maji yenye mionzi yakichemshwa au kutiwa dawa, si yatakuwa salama?

Hapana. Moto na klorini huua vijidudu, lakini kinachotoa mionzi ni atomu, na atomu haifi kwa moto wa jiko. Sufuria inapochemka, maji ndiyo yanayoondoka kama mvuke, huku metali zenye mionzi kama sesiamu na strontiamu zikibaki chini pamoja na chumvi nyingine, kwa hiyo maji yaliyobaki huwa na mionzi mingi zaidi kwa kila lita kuliko yale uliyoyateka. Kitambaa cha kuchujia nacho hakifui dafu, kwa kuwa vitu hivi vimeyeyuka kama sukari iliyokorogwa kwenye chai. Radoni peke yake ndiyo iliyo tofauti: ni gesi, na hutoka maji yakichemka au yakimiminwa mara kadhaa kutoka chombo hadi chombo mahali penye upepo.

Ikiwa atomu hizo haziuliki, basi kusafisha maana yake nini?

Maana yake ni kuzihamisha. Hakuna povu, chembe wala mtambo unaozima mionzi ya sesiamu. Kinachoizima ni muda tu. Tunachoweza kufanya ni kuchukua atomu zilizotawanyika ndani ya maelfu ya lita na kuzibana ndani ya kilo chache za kitu kigumu, ili maji yaachiliwe na kile kigumu kilindwe.

Kazi hiyo ina sehemu mbili, kunasa na kuopoa. Makala nyingi za habari husifu kunasa peke yake: utasoma kwamba unga fulani umenasa asilimia 99 ya sesiamu ndani ya dakika kumi, na hapo habari inakoma, kana kwamba unga huo ulitoka majini kwa miguu yake. Kwa maoni yangu, kuopoa ndiko kunakoamua kama uvumbuzi utabaki kwenye bilauri ya maabara au utaingia kiwandani. Chembe za nano ni hodari wa kunasa na ni wagumu mno kuopolewa. Povu gumu, yaani sponji, peke yake hunasa kidogo, lakini mtu yeyote anaweza kuliinua kutoka kwenye beseni. Ndiyo maana vitu hivi viwili vinatajwa pamoja.

Ni vitu gani hasa vinavyotafutwa majini?

Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia, wasumbufu wakubwa ni sesiamu-137, ambayo nusumaisha yake, yaani muda wa mionzi yake kupungua kwa nusu, ni miaka 30 hivi. Strontiamu-90, miaka 29 hivi. Na iodini-131, ambayo ni kali lakini hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, hivyo baada ya miezi mitatu imebaki chini ya sehemu moja katika elfu. Tritiamu, yenye nusumaisha ya miaka 12.3, ina swali lake peke yake hapa chini. Katika machimbo na visima virefu habari ni nyingine: huko tunakutana na urani, radiamu na radoni, ambazo hakuna aliyezimwaga, kwani zimo katika miamba tangu zamani.

Hatari ya kila kimoja inatokana na kufanana kwake na kitu ambacho mwili unakihitaji. Sesiamu inafanana na potasiamu, hivyo huingia misulini. Strontiamu inafanana na kalsiamu, hivyo hujengwa ndani ya mifupa na kukaa humo. Iodini yenye mionzi haina tofauti ya kikemia na ile inayotiwa kwenye chumvi ya mezani, hivyo huenda moja kwa moja kwenye tezi ya shingo.

Chembe ya nano ni nini, na udogo wake unasaidia nini?

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una unene wa karibu nanomita 80,000, ilhali chembe tunazozizungumzia huwa na upana kati ya nanomita 1 na 100.

Udogo unasaidia kwa sababu kunasa hufanyika juu ya uso wa kitu. Chukua mchemraba wa sentimita moja kila upande, kama kipande cha sukari ya vipande. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Ukate uwe vijichemraba vya nanomita 10, bila kuongeza wala kupunguza chochote, na nyuso zote zikijumlishwa utapata mita za mraba 600, ambazo ni zaidi ya uwanja mzima wa netiboli. Sehemu za kunata ambazo zamani zilifichwa ndani ya kipande sasa zote zinagusa maji, tena ioni, yaani atomu zenye chaji zilizoyeyuka majini, hazihitaji kusafiri mbali ili kuzifikia, na ndiyo sababu chembe hizi hufanya kwa dakika kazi ambayo punje kubwa hufanya kwa saa nyingi.

Chembe hujuaje kuchagua sesiamu na kuacha chumvi ya kawaida?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ukubwa wa tatizo hauonekani mpaka uweke tarakimu mezani. Shirika la Afya Duniani linaweka bekereli 10 kwa lita kuwa kiwango cha mwongozo cha sesiamu-137 katika maji ya kunywa, na bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kwa sekunde. Sesiamu yote iliyomo katika lita hiyo ina uzito wa sehemu kama 3 za trilioni ya gramu. Lita moja ya maji ya bahari, kwa upande mwingine, ina zaidi ya gramu 10 za sodiamu na karibu gramu 0.4 za potasiamu. Kitu kinachonasa chochote chenye chaji chanya kitashiba sodiamu kabla hakijakutana na sesiamu hata moja.

Dawa iliyo maarufu zaidi ni rangi ya kale. Buluu ya Prussia ilivumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya wachoraji, na imeundwa kwa chuma, kaboni na nitrojeni zilizojipanga kama vizimba vidogo. Sesiamu inaingia sawasawa ndani ya kizimba hicho na kutulia. Sodiamu, ambayo majini husafiri ikiwa imejizungushia kundi kubwa la molekuli za maji, haipati nafasi nzuri humo. (Wanaokumbuka bluu ya kufulia kanzu na shuka nyeupe wasichanganye: bluu nyingi za kufulia ni rangi nyingine kabisa, na haziondoi sesiamu.)

Buluu ya Prussia imekwisha kupimwa kwa watu. Mnamo Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, chombo cha tiba ya saratani kilichotelekezwa kilivunjwa na waokota vyuma, na unga wa sesiamu-137 uliokuwa uking'aa kwa rangi ya samawati ukapitishwa mkono kwa mkono kati ya majirani. Watu wanne walifariki. Baadhi ya walioingiwa na sesiamu mwilini walimezeshwa buluu ya Prussia, nayo ikawa inainasa tumboni na kutoka nayo chooni. Baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986, mifugo ya Norway nayo ililishwa buluu hiyo ili maziwa na nyama vipungukiwe na sesiamu.

Basi chembe za buluu zikishatiwa majini zinaopolewaje?

Njia mojawapo ni kuzijenga juu ya kiini cha magnetaiti, ambayo ni oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku. Jaribio lake linafanyika kwa sesiamu ya kawaida isiyo na mionzi, kwa kuwa kikemia hazitofautiani. Unatia matone machache ya mchanganyiko huo ndani ya bilauri, na maji yanageuka rangi ya wino. Unakoroga, unasubiri, kisha unaegemeza sumaku yenye nguvu ubavuni mwa bilauri. Mwanzoni huoni kitu. Halafu wino unaanza kujivuta upande mmoja, unafanya ukungu, ukungu unakuwa utepe, na baada ya dakika chache maji yameng'aa na kwenye kioo limebaki doa jeusi lenye ukubwa wa ukucha. Kila anayeliona mara ya kwanza hupigwa na butwaa.

Butwaa hilo hupungua mtu akifikiria tangi. Nguvu ya sumaku hufifia haraka mno kadiri unavyosogea mbali nayo: katika bilauri chembe ya mbali iko sentimita sita kutoka kwenye sumaku, lakini matangi mengi ya Fukushima yana mita za ujazo 1,000 kila moja. Hapo inabidi maji yapitishwe kidogo kidogo ndani ya mabomba yaliyozungukwa na sumaku, na chembe chache zikiponyoka zinaondoka na mzigo wao wa mionzi, sasa zikiwa katika umbo ambalo kichujio cha kawaida hakilikamati.

Na urani je?

Urani ina tabia yake. Iliyoyeyuka majini ni ile iliyopoteza elektroni sita; ikirudishiwa mbili inageuka kuwa aina isiyoyeyuka na kuganda. Chembe za nano za chuma kitupu, yaani chuma ambacho hakijashika kutu, hutoa elektroni hizo kwa hiari: chuma kinaoza, urani inaganda juu yake. Tahadhari yake ni kwamba hewa ikirejea kwa muda mrefu, urani inaweza kuyeyuka tena.

Njia ya pili ni kemikali za jamii ya amidoksimu, zinazoshika urani kama koleo na kufungwa juu ya nyuzi au sponji za plastiki. Zilitafitiwa sana Japani na Marekani kwa lengo tofauti kabisa, la kuvuna urani ya baharini, ambayo ni maikrogramu 3.3 tu kwa lita. Kinachoweza kuokota kiasi hicho kidogo kutoka bahari yenye chumvi yote ile kinaweza pia kusafisha maji ya mgodi.

Zipo chembe nyingine nyingi. Mwaka 2011 watafiti wa Queensland University of Technology, Australia, walieleza nyuzi za nano za titanati (kampaundi ya titani na oksijeni) ambazo zikishapokea sesiamu hujikunja na kuifungia ndani, na zikipambwa kwa oksidi ya fedha hunasa iodini. Mwaka 2013 watafiti wa Rice University ya Houston na wa Chuo Kikuu cha Moscow walionyesha kwamba vipande vya oksidi ya grafini, ambayo ni tabaka jembamba mno la kaboni lenye oksijeni, hushikamana na vitu vya mionzi na kufanya mabonge yanayoweza kukusanywa.

Povu linaingia wapi katika haya yote?

Kwanza tutofautishe. Neno povu linatumika kwa vitu viwili: povu laini la sabuni, ambalo ni hewa ndani ya maji, na povu gumu, ambalo ni hewa ndani ya kitu kilichokauka, kama sponji ya godoro. Sehemu hii inahusu la pili.

Povu gumu ni nyumba ya chembe. Chembe za buluu, chuma au titanati hupandikizwa kwenye kuta za matundu yake, maji yanapita katikati, ioni zinanaswa, na kazi ya kuopoa inabaki kuwa ya kuinua kitu kimoja. Unga wa nano ukishindiliwa ndani ya bomba huziba kama saruji na pampu hulemewa. Sponji huacha maji yapite kwa msukumo mdogo.

Mfano ninaoupenda ulitoka North Carolina State University mwaka 2011, wiki chache baada ya ajali ya Fukushima. Watafiti walichanganya hemiselulosi, ambayo ni mabaki ya usindikaji wa mbao, na kitosani inayotokana na magamba ya kamba na kaa, wakapata povu gumu linalofyonza iodini na vitu vingine majini bila kuhitaji umeme. Kitosani si kitu cha ajabu kwa mtu wa pwani. Magamba ya kamba, yale yanayotupwa lundo zima na kunuka hadi mtaa wa pili, huoshwa na kusagwa, hulowekwa katika asidi mpaka chokaa iishe, hutiwa katika magadi makali ili protini itoke, kisha huchemshwa tena katika magadi makali zaidi. Kinachobaki ni vipande vyepesi vyeupe vinavyoyeyuka ndani ya siki na kuwa uji mzito. Uji huo ukigandishwa, kisha barafu ikiondolewa kwa mvuto wa pampu bila kupitia hali ya maji, kila mahali palipokuwa na punje ya barafu panabaki tundu, nalo povu limepatikana. Ukilishika ni jepesi kama bisi.

Udhaifu wake unajulikana: kitosani huyeyuka katika maji yenye asidi, hivyo ni lazima ifungamanishwe kwa kemikali nyingine kabla ya kutumika.

Na povu la sabuni lina kazi gani?

Hilo hutumika zaidi kuosha vyombo kuliko kusafisha maji, lakini linahusika na maji kwa sababu linazuia yasichafuliwe. Tangi kubwa la kiwanda cha nyuklia linapovunjwa, kuta zake zina vumbi la mionzi. Ukilijaza tangi kwa dawa ya maji ili kuliosha, umetengeneza maelfu ya lita mpya za taka. Ukilijaza povu, dawa inafika kila kona ilhali zaidi ya asilimia 90 ya kilichomo ni hewa. Tume ya nguvu za atomu ya Ufaransa, CEA, imeiendeleza sana njia hii. Chembe za nano zinarudi tena hapa kwa kazi tofauti: chembe za silika zikitiwa ndani ya povu hukaa katika mifereji iliyo kati ya mapovu na kuyazuia yasichuruzike upesi, hivyo dawa inapata muda wa kutosha kugusa ukuta.

Je, Fukushima walitumia povu na chembe za nano?

Si kwa kazi kubwa. Tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 na tsunami iliyofuata vilikata umeme wa kupoza, na vinu vitatu vikayeyuka. Maji yaliyomiminwa ili kuvipoza yaligusa mafuta ya nyuklia yaliyoyeyuka, na maji ya ardhini yakaendelea kuingia katika majengo yaliyopasuka. Mwanzoni mwa Aprili, maji yenye mionzi mikali yalipokuwa yakivuja kuelekea baharini karibu na kinu namba 2, waliojaribu kuziba walitumia saruji, kisha polima inayofyonza maji, unga wa mbao na hata magazeti yaliyochanwa. Kilichofaa mwishowe ni silikati ya sodiamu iliyochomwa ardhini kama sindano.

Kuanzia Juni mwaka huo maji yalianza kupitishwa kwenye mitambo iliyojaa zeolaiti, ambayo ni madini yenye matundu, na tangu 2013 yanapitia mtambo uitwao ALPS, unaogandisha baadhi ya vitu kwa kemikali kisha kuyapitisha maji katika safu za vifyonzaji ili kupunguza aina 62 za atomu zenye mionzi. Maji mapya machafu, yaliyozidi mita za ujazo 500 kwa siku mwaka 2014, yalishuka hadi chini ya 100 kufikia 2022. Hata hivyo mambo hayakuwa laini: mwaka 2018 kampuni inayoendesha kituo hicho, TEPCO, ilikiri kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyokuwa matangini ilikuwa bado imezidi viwango na ilihitaji kupitishwa tena.

Habari iliyonifundisha zaidi kuhusu kuopoa ni ya magunia. Mwaka 2011, katika harakaharaka za dharura, magunia ya zeolaiti, tani zipatazo 40 pamoja na mkaa amilifu, yalishushwa katika vyumba vya chini vya majengo mawili yaliyokuwa yamejaa maji machafu. Zeolaiti ilifanya kazi yake barabara, tena kupita kiasi: magunia hayo yalinasa sesiamu nyingi hivi kwamba uso wake ulipimwa kuwa na siveti kadhaa kwa saa, kipimo ambacho mtu akisimama hapo kwa saa moja au mbili anaweza kupoteza maisha. Kuyatoa kumehitaji roboti zinazoongozwa kutoka mbali, zaidi ya miaka kumi baadaye.

Chembe za nano zilipata nafasi pembeni, katika upimaji. Taasisi ya AIST ya Japani ilitengeneza vitambaa vilivyotiwa chembe za buluu ya Prussia, ambavyo maji mengi ya mto hupitishwa humo ili sesiamu kidogo iliyomo ikusanyike mahali pamoja na ipimike.

Kwa nini tritiamu haiondolewi kwa njia hizi?

Kwa sababu tritiamu ni hidrojeni, nayo imo ndani ya molekuli ya maji yenyewe. Povu linalonasa tritiamu lingelazimika kunasa maji na kuacha maji. Kwa hiyo maji yaliyotoka ALPS yalianza kumwagwa baharini tarehe 24 Agosti 2023 baada ya kuzimuliwa hadi tritiamu iwe chini ya bekereli 1,500 kwa lita, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000. Wavuvi wa Japani walipinga, na China ikazuia samaki wa Japani. Mtu anaweza kuukubali au kuukataa uamuzi huo, ila asidanganywe kwamba kuna sponji iliyokuwa dukani ikaachwa.

Kama teknolojia hizi ni nzuri hivyo, mbona viwanda havizikimbilii?

Zeolaiti ni mawe yanayochimbwa, ni ya bei nafuu, hayaungui na tabia yake inajulikana: kituo cha nyuklia cha Sellafield nchini Uingereza kinaitumia tangu 1985, na ilitumika pia kusafisha maji ya kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, baada ya ajali ya 1979. Anayeleta kitu kipya hana budi kuonyesha kwamba kinashinda jiwe, na si katika maji safi ya maabara, bali katika maji yenye chumvi, mafuta, matope na kutu. Majaribio mengi hutumia maji yenye sesiamu iliyozidi mara milioni ile ya kweli, kwa sababu mashine haziwezi kupima kidogo zaidi, na matokeo yake hayahamishiki kirahisi.

Jambo la pili ni mionzi yenyewe. Plastiki na kitosani huvunjikavunjika zikikaa ndani ya mionzi mikali kwa muda mrefu, na sponji iliyokuwa laini huwa unga. Mwandishi wa ripoti asiyesema povu lake lilivumilia kiasi gani cha mionzi amekuacha njiani.

Chembe zenyewe hazina madhara zikitoroka?

Inategemea chembe. Za oksidi ya chuma hazileti hofu kubwa. Za fedha huua viumbe wadogo wa majini. Buluu ya Prussia ni tulivu katika maji ya kawaida, lakini katika maji yenye magadi makali huvunjika na kuachia sianidi iliyofungamana na chuma. Hii ni sababu nyingine ya kuzipa chembe mwili wa povu badala ya kuzimwaga zikielea.

Povu likishajaa linapelekwa wapi?

Hapa ndipo mtu wa maabara na mtu wa kiwanda hugombana. Sesiamu inahitaji kulindwa kwa takriban miaka 300, yaani nusumaisha kumi, ndipo ibaki sehemu moja katika elfu. Jiwe la zeolaiti linaweza kukaa ndani ya chuma muda huo. Sponji ya kitosani ni kitu cha asili: ikikaa na unyevu inaoza, na mionzi inavunja molekuli zake na kutoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ndani ya chombo kilichofungwa. Ukiichoma, mzigo unapungua na kuwa majivu, lakini sesiamu hupenda kupaa na moshi, kwa hiyo tanuri linahitaji vichujio vikali, na kama ndani kuna buluu ya Prussia moto huweza kutoa gesi ya sianidi. Kuyeyusha pamoja na kioo, kwa nyuzijoto zaidi ya 1,000, kunakumbana na shida hiyohiyo ya kupaa.

Kwa hiyo wapo wanaotengeneza povu la kauri au la saruji maalumu badala ya povu la mimea. Ni mazito na hunasa polepole zaidi, lakini yakishajaa hufungwa na kuhifadhiwa jinsi yalivyo. Mimi binafsi ningeanzia hapo, hata kama picha zake hazivutii.

Suala hili linatuhusu vipi Afrika Mashariki na Kongo?

Hatuna kinu cha kuzalisha umeme wa nyuklia, lakini miamba tunayo. Madini ya Shinkolobwe, Katanga, ndiyo yaliyochangia sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945, na mgodi huo ulifungwa rasmi 2004 ingawa wachimbaji wadogo walikuwa wakiingia kutafuta kobalti. Nchini Tanzania, kiwanda cha majaribio cha urani cha Mto Mkuju wilayani Namtumbo kilizinduliwa 2025. Maji ya migodi ya namna hii hutibiwa kwa njia zilizozoeleka: radiamu, kwa mfano, hugandishwa kwa kloridi ya bariamu. Povu na chembe zinaweza kuwa hatua ya mwisho ya kung'arisha, si ya kwanza.

Mkaa wa mifupa unaoondoa floridi kule Arusha unaweza kunasa vitu vya mionzi?

Swali zuri. Mkaa huo, uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, ni fosfati ya kalsiamu, na strontiamu hupenda kuchukua kiti cha kalsiamu humo kama inavyofanya katika mifupa yetu. Kanuni hiyohiyo imetumika Hanford, eneo la zamani la viwanda vya nyuklia nchini Marekani, ambako kemikali zilidungwa ardhini ili fosfati ijijenge kama ukuta na kuzuia strontiamu-90 isifike Mto Columbia. Hata hivyo kichujio cha nyumbani kilichopimwa kwa floridi hakijapimwa kwa strontiamu, na kwa sesiamu hakina msaada wa maana.

Nina kisima kirefu na nina wasiwasi. Nifanye nini?

Usinunue sponji wala unga wowote unaotangazwa mtandaoni kuwa unaondoa mionzi. Anza na kipimo. Tanzania, anayehusika ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kenya kuna mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, KNRA. Maabara kwa kawaida huanza na kipimo cha jumla cha aina mbili za mionzi, alfa na beta, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema uchunguzi zaidi ufanyike iwapo mionzi ya alfa imezidi bekereli 0.5 kwa lita au ya beta imezidi 1. Kwa urani kiwango ni maikrogramu 30 kwa lita, kilichowekwa kwa ajili ya figo zaidi kuliko mionzi. Uliza kabla ya kuchota, kwa sababu kila kipimo kina chupa yake: kwa radoni inatakiwa chupa ya kioo ijazwe mpaka mdomoni na kufungwa papo hapo bila kuacha hata povu moja la hewa, la sivyo gesi unayotaka kuipima itakuwa imekwisha kutoka kabla hujapanda basi.